Neno Waliloniita kwa Sababu ya Vikapu

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, ketini vizuri kwanza. Najua mna Kiingereza kingi kuliko mimi, na sina haja ya kuwafundisha lugha mliyolipiwa karo ili muijue. Nataka niwaeleze neno moja tu la Kiingereza ambalo mimi nalijua kuliko nyinyi. Nyinyi mlilisoma kwenye kitabu. Mimi niliitwa.

Neno lenyewe ni demanding.

Shule nilifika darasa la tatu. Mama alijifungua, mtoto akahitaji mtu wa kumbeba, na mtu huyo nikawa mimi. Kusoma najua, kuandika najua, ingawa mkono wangu huchoka upesi. Kazi ambayo mkono wangu hauichoki ni kusokota katani na kusuka vikapu. Hiyo nilianza kabla sijaota meno ya pili, na mpaka leo ngozi ya paja langu la kulia ni ngumu kama ya kisigino, kwa sababu uzi wa kikapu husokotwa juu ya paja.

Nyumba yangu iko Voi, upande wa kuelekea Marungu, mahali ambapo nguo ukianika saa tatu, saa nne umeshaikunja. Hapo naishi na mkaza mwana wangu, mjukuu wangu msichana aliyemaliza kidato cha nne, na watoto wawili wadogo. Kikundi chetu cha kusuka kina wanawake kumi na sita. Nusu ni sisi wa huku chini kwenye joto. Nusu ni wa Werugha, kule juu mlimani kwenye baridi na ukungu. Katani tunaletewa na jirani yangu, mama kutoka magharibi, ambaye mumewe anafanya kazi kwenye shamba la mkonge. Yeye hugawa, kila mtu anabeba fungu lake kwake, anasokota, anasuka, halafu kila Alhamisi ya pili tunakutana uani kwangu, vikapu vinaachwa hapo, na mimi navikagua siku zinazofuata.

Kukagua kwangu hakuna siri. Natia kidole cha shahada ubavuni mwa kikapu, katikati ya uzi na uzi. Kikikataa kuingia, kikapu kimepita. Kikiingia hata ncha, nakirudisha kwa mwenyewe akifumue. Na vikapu vyote vinawekwa pamoja bila jina la mtu, ili nisije nikamwonea mmoja au nikampendelea mwingine. Hiyo sheria niliiweka mimi, na ilinirudia, kama mtakavyoona.

Sasa, mwaka huo tulipata mteja. Mama mmoja wa Mombasa mwenye duka la kuuzia wageni alisikia habari zetu, akaja mwenyewe kuona. Mwenyekiti wetu, ambaye ni rika langu na tunajuana tangu tukiwa wasichana, alipika pilau. Mjukuu wangu, ambaye ndiye katibu, alitandika mkeka akapanga vikapu juu yake. Na pembeni, nyuma yangu, nilikuwa nimeweka vitatu ambavyo vilikuwa vimekaa kwangu siku kadhaa na kidole kikaingia.

Yule mama akapita mkeka wote, akaja moja kwa moja nyuma yangu.

"Hiki nakipenda," akasema. "Hizi rangi ndizo wageni wanataka."

"Hicho hakiuzwi."

"Kwani kina nini?"

"Kimelegea."

Akakigeuza, akakiinua kwenye mwanga. "Mama, mimi sioni kasoro."

"Ndiyo maana wewe unanunua na mimi nakagua."

Jirani yangu alikohoa ili asicheke. Mwenyekiti hakucheka. Alinibana ubavuni kwa kiwiko akaninong'oneza, "Mwachie mtu achukue! Anataka mwenyewe!"

Sikumwachia. Yule mama akatoa simu, akanunua vingine kama sampuli, akatupa oda ya vikapu sitini kabla ya Pasaka, akala pilau kidogo, akaondoka. Sitini! Hatukuwa tumewahi kuuza hata ishirini kwa mpigo. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia.

Kabla hatujaosha sahani, simu ya mjukuu wangu ikalia. Ujumbe kutoka kwa mteja. Akaanza kuusoma kwa sauti: "Asanteni kwa makaribisho. Vikapu ni vizuri, naomba visipungue sitini." Halafu akaigeuza simu.

"Soma yote," mwenyekiti akasema.

"Ni hiyo tu."

"Nimekulea tangu nepi mimi. Soma."

Mjukuu wangu akaniangalia, akasoma: "Lakini mkaguzi wenu ni demanding sana."

Mama mmoja wa Werugha, aliyekuwa akiongoza wenzake wa mlimani, mwanamke mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa ulimi, akapiga makofi mara moja. "Haya! Na Kiingereza kimekubali!"

Neno likaenda mbio kuliko mbuzi aliyekata kamba. Jumapili nilipofika kanisani nikasikia nyuma yangu, "Mpisheni demanding akae." Kwenye kioski cha maji kijana wa kuuza akaniambia, "Nyanya, mtungi nimeosha mara mbili, nisije nikapata shida na mama demanding." Nilimwambia aoshe mara ya tatu.

Lakini nyumbani neno lilinikalia. Sikupenda kubeba kitu nisichojua uzito wake. Jioni moja nikiwa nachambua kunde na mjukuu wangu, nikamuuliza.

"Hilo neno lina maana gani? Usinipake mafuta."

"Nyanya, linategemea."

"Linategemea nini?"

"Anayeitwa, na anayemwita." Akafikiria, kunde mkononi. "Mtoto asiyetaka kuwekwa chini, analia abebwe tu, huyo ni demanding. Bosi anayekupigia simu Jumapili, huyo pia. Kazi inayokutoa jasho mpaka umalize, hiyo kazi ni demanding na si kosa lake. Halafu wanaume husema hivyo juu ya wanawake wao."

"Mwanamke akifanya nini?"

"Akiuliza walikuwa wapi."

Nikacheka nisitake. Nikamwambia atafute kwa Kiswahili. Akaanza kunihesabia: msumbufu, mkali, mdai, mwenye makuu, mchaguzi. Kila moja nikalipima nikaona halifiki. Msumbufu anakusumbua hata akiwa hana haja ya maana. Mwenye makuu anajitakia yeye. Mkali anaweza kuwa mkali na kazi yake ikawa takataka. Hili neno la Kiingereza, nilivyolielewa mimi, ni la mtu anayetaka mengi kutoka kwako na hatosheki na kile ulicholeta. Halisemi kama anataka kwa haki au kwa ubaya. Hilo limeachiwa sauti ya anayelisema.

"Basi nitajuaje mimi ni yupi?" nikamuuliza.

Yule msichana ana kichwa. Akasema, "Angalia kama unachotaka kwa watu unajitaka na wewe mwenyewe."

Nikamwambia achambue kunde, maneno yamezidi.

Alhamisi moja, baada ya wiki kadhaa, kilitokea kile nilichokuwa nimekinusa. Wanawake wa mlimani walishuka na gari linaloleta kabeji mjini, vikapu vyao wamevifunga kwa leso. Kabla sijaketi, mama wa Werugha akasimama katikati ya ua.

"Mwenyekiti, sisi tuna neno. Vikapu vyetu vikitoka Werugha vimekaza kama ngoma. Vinafika hapa kwa huyu mama, vinalala siku tatu nne, halafu tunaambiwa vimelegea. Kwetu havilegei. Kwako mama, unavifanyia nini?"

"Mimi?"

"Kwani vinalala kwa nani?"

Nyinyi hamjui ilivyo kuambiwa mwizi bila neno mwizi kutajwa. Masikio yangu yalipata moto. Nikajibu vile nilivyokuwa najibu siku zote: "Mnasokota kwa haraka. Mikono yenu inakimbilia kabeji. Uzi wa haraka unalegea."

"Haraka! Mimi nimesuka tangu kabla huyu mjukuu wako hajazaliwa!"

"Na mimi kabla wewe hujazaliwa."

"Ndiyo maana macho yamechoka!"

Mwenyekiti akagonga sufuria kwa mwiko. Akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma: "Dada yangu, oda ni sitini, Pasaka haitungoji. Ukiendelea kurudisha namna hii hatutafika. Wenzako wanaomba tubadilishe mkaguzi. Mama wa Werugha yuko tayari. Wewe utasuka kama sisi wengine."

Hapo ndipo nilipojua kilichokuwa hatarini. Hiyo kazi ya kukagua hailipwi kitu. Lakini nikitolewa kwa maneno hayo, nitaondoka nikiwa mwanamke aliyeharibu kazi za wenzake kwa mikono yake akasingizia kidole. Katika uzee wangu hakuna kitu kingine nilichokuwa nacho cha kupoteza kilicho kikubwa kuliko hicho.

Nikasema, "Nipeni siku nne. Vikapu vyote vilivyo hapa leo, vyenu na vyetu, vitiwe vidole na kila mtu sasa hivi. Halafu visilale kwangu. Vikatundikwe kwa jirani, nje, mahali kila mpita njia anaona. Jumatatu turudi. Kama havijalegea, mimi mwenyewe nitampa huyu mama mkeka wangu wa kukagulia."

"Na kama vimelegea?" mwenyekiti akauliza.

"Mtasikiliza."

Jirani yangu akasema, "Kwangu sawa, lakini mzee wangu ataviimbia nyimbo za kwao, msije mkasema vimelegezwa na kicheko."

Tukavihesabu. Vilikuwa ishirini na sita. Kumi na viwili vya Werugha, kumi na vinne vya huku chini. Kimoja cha hivyo kumi na vinne nilikuwa nimekisuka mimi. Kila mwanamke akatia kidole chake, na nitasema kweli, siku hiyo hakuna hata kimoja kilichokubali. Vya Werugha vilikuwa vimekaza hasa. Mama wa Werugha alinisukumia kimoja mpaka karibu na pua. "Tia. Tia tena. Tumia hata cha gumba."

Kidole hakikuingia. Nikamrudishia.

Jirani akafunga waya kutoka pembe ya nyumba yake hadi kwenye ukuta wa choo, akavitundika vyote kwa mishikio. Zile siku nne nilikuwa napita pale nikienda na nikirudi, sikusogea hata hatua mbili kuingia ndani ya ua, ili mtu asiseme. Jua lilikuwa la Februari. Mnalijua jua la Voi la Februari. Mbwa hutafuta kivuli cha nguzo.

Jumatatu wakaja wote, hata ambao hawakuwa na vikapu. Jirani akavitundua akavipanga chini kimoja kimoja. Mwenyekiti akasema asitie kidole mtu yeyote mwenye kesi, atie mjukuu wangu akiwa katibu, na mwenyekiti mwenyewe amwangalie.

Cha kwanza kidole kikakataa. Cha pili kikakataa. Cha tatu kikaingia.

"Weka kando," mwenyekiti akasema.

Cha tano kikaingia. Cha sita kikaingia mpaka kiungo cha pili, na mjukuu wangu akatazama juu kama aliyegusa kitu kibichi. Mama wa Werugha alikuwa amejifunga leso kiunoni kwa ajili ya kushangilia. Nikamwona anaifungua polepole. Vile vikapu vilivyokuwa kama ngoma sasa vilikuwa vimekaa kama watu waliochoka, midomo imeenda upande.

Walipomaliza, mwenyekiti akavihesabu vya kando. "Kumi na vitatu."

Nikasimama. Ningependa kuwaambia nilisimama kwa unyenyekevu, lakini ningekuwa nawadanganya. Nilisimama kama jogoo. "Mmeona? Vimelegea kwa nani? Vimelala kwa nani? Nilisema ni haraka, mkasema ni macho yangu."

Mama wa Werugha alikuwa anahesabu kwa midomo. Halafu akasema, si kwa ukali, "Kumi na vitatu? Sisi tulileta kumi na viwili."

"Eti?"

"Vyetu ni kumi na viwili. Vyote vimelegea, nakubali, viko hapa, hiki changu, hiki changu, hivi vya mke wa shemeji." Akavitenga kimoja kimoja, kila mwenzake akichukua chake. Kikabaki kimoja katikati ya ua, chenye mistari miwili ya rangi ya udongo. "Hiki je? Ni cha nani?"

Wanawake wa huku chini wakatazamana. Mmoja akasema si chake. Mwingine akasema si chake.

Nilikuwa nimeshakijua. Sisi wasukaji kila mtu ana fundo lake la kuanzia pale kwenye kitako, kama mtu na mwandiko wake. Fundo langu nalipinda mara mbili kwa ndani, nilifundishwa hivyo na mama yangu, na wengi hawalijui kwa sababu halionekani mpaka ukipindue kikapu na ulitafute. Hapo uani hakuna aliyekuwa ametafuta. Ningeweza kukaa kimya. Ingesemwa mama wa Werugha amekosea kuhesabu, ni vyao vyote, na mimi ningekwenda nyumbani na mkeka wangu na ushindi wangu.

Nilikaa kimya kwa muda. Siwafichi. Muda wa mtu kumeza mate mara tatu.

Halafu nikamwona mjukuu wangu ananitazama. Yeye fundo langu analijua, nimemfundisha. Nikakumbuka maneno yake tulipochambua kunde.

"Hicho ni changu," nikasema.

"Cha nani?" mwenyekiti akauliza, na alikuwa amesikia vizuri.

"Changu. Pindueni mwone fundo."

Nyinyi hamjawahi kusikia wanawake kumi na sita wakicheka kwa pamoja. Jirani yangu alijishika mgongo. "Leo demanding amekutana na demanding mwenziwe!" Mmoja akauliza kama na mimi nilikuwa nakimbilia kabeji. Mama wa Werugha alicheka mpaka akatoa machozi, akajifunga leso upya, akasema, "Mama, haraka ni mbaya, eti?"

Nikawaacha wacheke. Lakini kichwa changu hakikuwa kwenye kicheko. Mimi najijua. Kile kikapu sikukisuka kwa haraka. Nilikisokota pole pole kuliko vyote, kwa sababu nilikuwa nimekaa tu sina kazi nyingine. Basi kwa nini kimelegea? Na nilikuwa nimekaa wapi?

"Nyamazeni," nikasema. "Nyamazeni kwanza. Mnakumbuka dada yangu alipoteguka mguu?"

"Sasa mguu wa dada yako umeingiaje?"

"Nilikwenda kumuuguza wiki mbili, nikarudi siku moja tu kabla ya Alhamisi ile. Werugha. Uzi wa kikapu hiki niliusokotea jikoni kwake, na nikakisukia huko huko."

Mama wa Werugha akaacha kucheka.

"Kule kwenu," nikamwambia, "nguo ukifua Jumatatu unaivaa lini?"

"Ijumaa, ukiwa na bahati," akasema. Halafu akashika kinywa. "Ukungu!"

Ndiyo hivyo. Mnaona jambo lilivyokuwa jepesi, na sisi tuligombana miezi. Ukungu wa kule unaingia chini ya mlango, unalala kwenye blanketi, unanywewa na katani. Uzi uliokunywa ukungu ni laini mkononi, unavimba, ukiusuka unabana vizuri hata kidole hakipiti. Wao waliuona ule ulaini wakasema ni katani nzuri. Mimi niliuona ule ulegevu nikasema ni mikono mibaya. Kikapu kikishuka Voi, jua linatoa maji yote, uzi unakonda, nafasi zinabaki. Hakuna aliyekilegeza. Hata Mombasa kingelegea vilevile, dukani, mbele ya wageni.

Nikamwambia mama wa Werugha mbele ya wote: "Nilikwambia mikono yako ni ya haraka. Nilikosea. Mikono yako ni mizuri. Naomba msamaha." Maneno hayo kwangu ni kama kung'oa jino, wanaonijua wanajua. "Lakini vikapu hivi haviendi Mombasa. Hata kimoja. Na changu hakiendi."

"Tutafanyaje, mama? Ni kumi na vitatu," mwenyekiti akalia.

Nikaketi chini, nikaweka kikapu changu mapajani, nikakata ukingo, nikaanza kufumua. Wiki mbili za kazi. Nilifumua mpaka kwenye kitako, mpaka kwenye lile fundo, na nalo nikalifungua. Hakuna aliyecheka tena. Nilipofika nusu, mama wa Werugha akaja akaketi kando yangu, bega kwa bega, akaanza kufumua cha kwake. Halafu mke wa shemeji yake. Halafu wote wa mlimani. Wa huku chini waliosalimika wakaona aibu kusimama bure, wakaketi wakasaidia kukunja uzi. Jirani akaleta chai kwenye sufuria kubwa ya msibani.

Mwenyekiti akapiga mwiko kwenye sufuria. "Kuna mtu bado anataka kubadilisha mkaguzi?"

Mama wa Werugha akasema bila kuinua macho kwenye uzi wake, "Abaki. Mtu anayejirudisha mwenyewe, atamwogopa nani?"

Toka siku hiyo tukapanga upya kazi. Wa Werugha wanasokota kwao kama kawaida, lakini uzi wao unashuka na gari la kabeji kila Jumanne. Unakuja kwangu, unatandazwa juu ya bati siku saba, unageuzwa kila asubuhi. Ukishakauka ndipo wanakuja wenyewe kusukia hapa uani, wanalala kwa jamaa zao, wanasuka wakipiga soga. Uzi uliokauka ni mgumu, unakata vidole, wakalalamika sana. "Mama demanding, vidole vimetoka damu." Nikawaambia watie mafuta. Mimi pia nilitia.

Wiki moja kabla ya Pasaka mteja akaja na gari. Tulikuwa tumevipanga sitini juu ya mikeka mitano. Hakusalimia sana. Akapiga magoti, akatia kidole. Kikakataa. Akaenda cha pili. Cha tatu. Nikaona huyu mama hakuja kuchukua tu, amekuja kukagua, na moyo wangu ukampenda hapo hapo. Alitia kidole vyote sitini, jasho linamtoka kwenye kitambaa, sisi tumesimama kama watoto wa mtihani.

Kidole hakikuingia hata kimoja.

Akainuka akapangusa magoti. "Zile sampuli nilizobeba siku ile," akasema, "niliziweka dukani karibu na dirisha. Mbili zimelegea mpaka nikazitoa. Nilikuja leo nimeshajiandaa kuwarudishia nusu ya hivi."

"Hizo mbili nilizipitisha mimi," nikasema. "Zilikuwa zimefika kwangu asubuhi hiyo hiyo, hazijakauka. Nitakupa nyingine badala yake."

Akanitazama sana. "Mama, nilipoandika lile neno nilikuwa nimekasirika. Nilikuwa bado garini."

"Sasa unalifuta?"

"Hapana," akasema, akaanza kucheka. "Silifuti. Nalisema kwa sauti nyingine."

Akatupa oda nyingine hapo hapo, kubwa kuliko ya kwanza, akasema inakwenda nje ya nchi, na kwamba amewaambia wanunuzi wake kuna mwanamke huko Voi ambaye hawezi kukuuzia kikapu kibovu hata ukimwomba. Wanawake walinibeba. Sisemi kwa mfano, walininyanyua miguu ikaning'inia, mimi na uzito wangu, mwenyekiti kushoto na mama wa Werugha kulia, wakinizungusha ua mzima wakiimba neno la Kiingereza kwa sauti ya wimbo wa harusi. De-ma-nding! Kwa mara ya kwanza nilisikia jinsi neno hilo linavyopigiwa makofi vizuri. Niliwaambia waniweke chini. Hawakuharakisha, na mimi sikusema kwa nguvu sana.

Tulisindikiza lile gari mpaka barabarani, tukapunga mikono mpaka likapotea. Ilikuwa saa nane, jua kali. Niliporudi uani nikakuta mkaza mwana wangu na watoto wameshaanza sherehe. Walikuwa wameondoa kutoka juu ya bati uzi wote ambao tungeanzia oda mpya, ule ulioshuka Jumanne ya wiki hiyo ukiwa bado na baridi ya mlimani, wakaurundika sebuleni ili usiangushe vumbi kwenye chakula cha wageni. Viti vimepangwa. Kuku ameiva. Mwenyekiti tayari alikuwa na kijiko mkononi.

Nikaugusa ule uzi. Ulikuwa laini.

"Toeni mashada yote ya uzi nje," nikawaambia watu wa nyumba yangu. "Yatandazeni tena juu ya bati, moja moja, yasilaliane. Na mtu yeyote asinawe mikono kula, mgeni wala mwenyeji, kabla la mwisho halijaota jua."